Beti Tano kwa Ndoo Moja

Kama kuna mtu aliyemjua barabara mwalimu wa mazingira wa chuo kile cha kanisa, si mkuu wa chuo aliyemwajiri, wala mkewe aliyemvumilia. Ni dobi. Unaweza kumdanganya askofu, ukamdanganya na mwandishi wa gazeti, lakini mtu aliyekufulia soksi kwa miaka tisa utamwambia nini?

Dobi huyo wanachuo walimwita Mama Povu, naye hakuwa na ugomvi na jina hilo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole vilivyojikunja kwa maji hata siku za mapumziko. Shule aliishia darasa la nne. Alifika chuoni na barua ya mchungaji mkono mmoja na mtoto wa kike mkono wa pili, baada ya mumewe kwenda mbali kutafuta kazi na kuipata pamoja na mke mwingine. Tangu hapo aliishi roho juu, kama mtu aliyebeba mayai kwenye njia ya utelezi. Mvua aliihofia kwa ajili ya mashuka, jua alilihofia kwa ajili ya rangi ya majoho, na usiku mmoja mtoto akikohoa mara mbili, yeye halali tena.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya jiko. Karo mbili za saruji, pasi mbili za mkaa, meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, na bomba moja lililoleta maji kutoka chemchemi ya pale juu kilimani. Saa haikuwepo. Mama Povu alipima kazi kwa wimbo. Alikuwa na wimbo mmoja wa kanisani wa beti sita, uliomkaa kifuani tangu utotoni. Aliweka ndoo ya lita ishirini chini ya bomba, akafungua, akaanza kuimba. Miaka ile ya mwanzo, ubeti wa kwanza ulipoisha na ndoo ilikuwa imejaa.

Baadaye kukaanza kuwa na siku ambazo ubeti mmoja haukutosha. Ndipo akaanza kuchora ukutani, nyuma ya mlango, kwa kipande cha mkaa wa pasi, kila Jumatatu, mstari mmoja kwa kila ubeti. Hakuchora kwa ajili ya elimu. Alichora ili ajue siku itakwendaje. Mstari mmoja, mashuka ya mabweni yote yafuliwe leo. Miwili, ya wavulana yangoje. Mitatu, afue kanzu za kwaya tu, maana Mungu anaweza kuwavumilia watu wanaolala kwenye mashuka machafu, lakini kiongozi wa kwaya hawezi kuvumilia kanzu yenye doa.

Mwaka ilipoanza mistari hiyo ndio mwaka alioletwa mwalimu wa mazingira.

Huyu bwana alikuja na shahada ndefu na shingo fupi. Idara aliyopewa iliitwa ya mazingira, na somo lake kubwa liliitwa Uwakili wa Uumbaji. Kwenye ibada ya kwanza alipanda mimbarini akanyanyua mche mmoja kama mtu aliyeshika kikombe cha ushindi, akapaza sauti: "Mti mmoja!" Wanachuo wakafundishwa kujibu: "Roho moja!" Basi jina likampata hapohapo, Daktari Mti-Mmoja.

Mpango wake ulikuwa hivi. Kila mwanachuo mpya apande mti kuizunguka chemchemi, na kila mti upigiliwe kibati chenye aya ya Biblia. Pale chemchemini palikuwa na mikuyu mikongwe na matete, pamejaa vyura. Mti-Mmoja alipatazama akakunja pua. Pachafu, alisema, hapapendezi kwenye picha. Mikuyu ikakatwa, matete yakafyekwa. Mahali pake akapanda mikaratusi, kwa sababu mkaratusi hukua upesi, na wafadhili walikuwa wanakuja baada ya miaka miwili. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe anajua kwamba mkaratusi unakunywa maji kama mlevi aliyeachiwa funguo za kilabu. Daktari hakuwahi kushika jembe. Siku za kupanda, mwanachuo alichimba, mwanachuo akaweka mche, mwanachuo akafukia, yeye akaugusa mche kwa vidole viwili mpaka picha itoke, kisha akanawa kwa maji ya chupa. Chupa aliziacha palepale. Mama Povu ndiye aliyekuwa akiziokota, akatilia sabuni ya maji.

"Shoga, yule mtu anaipenda dunia," mpishi mkuu alimwambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni na mwiko wake.

"Anaipenda kama nzi anavyopenda kidonda," Mama Povu akajibu. "Nimefua suruali zake miaka yote hii. Hata siku moja sijakuta udongo kwenye goti."

"Labda anasali amesimama."

"Labda hasali."

Wakacheka mpaka mpishi akakumbuka sufuria yake.

Sasa, mtoto wa dobi akakua. Alifaulu vizuri, na kwa kuwa watoto wa wafanyakazi walipokelewa kwa unafuu, akaingia chuo kilekile. Mama Povu alitaka asomee ualimu au uuguzi, kazi ambayo mtu akiulizwa anajibu kwa neno moja. Binti akachagua mazingira.

"Mazingira ndiyo nini?" mama akauliza. "Utaajiriwa na nani? Na vyura?"

"Mama, si ni wewe uliyenionyesha vyura wanakokaa?"

"Nilikuonyesha ili usiwakanyage."

Miaka miwili ilipita salama. Mwaka wa tatu kila mwanachuo alitakiwa kufanya utafiti wake, auandike, kisha autetee mbele ya jopo. Asiyepita utetezi hapati cheti. Binti akachagua chemchemi. Msimamizi aliyepangiwa alikuwa, nani tena, Daktari Mti-Mmoja. Mwanzoni alifurahi sana. Alidhani ataandikiwa kitabu cha sifa.

Binti alipima maji kwa ndoo na saa ya mkononi. Aliuliza vipimo vya zamani ofisini, akaambiwa havipo. Idara ya mazingira, miaka tisa, miti mia tano na zaidi, picha zisizo na idadi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupima maji! Basi jioni moja alikuja kumsaidia mama yake kukunja mashuka, akafunga mlango kwa sababu ya upepo, akauona ule ukuta kama anauona kwa mara ya kwanza. Jumatatu kwa Jumatatu, mistari imejipanga kama vijiti vya kiberiti, mmoja, miwili, mitatu, mpaka mitano ya mwaka ule.

"Mama, hii ni nini?"

"Uchafu wangu tu. Nitaupaka chokaa siku moja."

"Usiuguse! Mama, tafadhali, usiuguse."

Kwa siku arobaini binti alisimama karibu na karo, saa mkononi, akimpima mama yake akiimba. Ubeti mmoja ulichukua sekunde ishirini na mbili. Siku mama ana homa, ishirini na mbili. Siku amegombana na mpishi, ishirini na moja. Binti akanakili mistari yote kwenye daftari, wiki baada ya wiki, akaweka kando yake hesabu ya miti iliyopandwa kila mwaka. Jibu lilikuwa wazi hata kwa kipofu. Miti ilivyoongezeka, ndivyo maji yalivyokwisha.

Mti-Mmoja alipoisoma ile rasimu alimwita ofisini, akamwambia kwa upole wa mtu anayenoa kisu kwamba tatizo ni mabadiliko ya tabianchi. Aandike tabianchi. Tabianchi ni kubwa, haina jina la mtu, na wafadhili wanaielewa. Binti akamwambia mvua haikupungua, vipimo vya mvua vya wilaya vipo. Akaambiwa utafiti wa nyimbo si utafiti.

"Mama yako akiwa na furaha si ataimba haraka?" akamwuliza.

Binti alipolisimulia hilo nyumbani, Mama Povu aliguna. "Mfuaji wa mashuka mia mbili, furaha ataitoa wapi?"

Lakini usiku hakulala. Kumdharau mtu ni rahisi ukiwa kwenye povu lako. Mti-Mmoja ndiye anayeshika kalamu.

Kweli, wiki moja kabla ya utetezi, Mti-Mmoja alishuka mwenyewe mpaka kwenye chumba cha dobi, akiwa amebeba joho lake kwenye mfuko. Kwa miaka tisa alikuwa analituma kwa mtu. Akasimama katikati, akilinda viatu vyake visiguse maji.

"Mama, Bwana asifiwe."

"Amina, Daktari."

"Binti yako ana kipaji kikubwa. Tunamwombea. Ingesikitisha sana akarudia mwaka kwa sababu ya ukaidi wa... niseme, mkaa." Akacheka peke yake. Kisha akausukuma mlango kwa ncha ya kidole, akatazama nyuma yake. "Na huu ukuta, mama, mbona mchafu hivi? Wageni wanakuja. Wewe ni mtu wa usafi."

"Ndiyo, Daktari."

"Mzazi ndiye mshauri wa kwanza. Nakuachia."

Akaliacha joho, akaondoka. Hakusema "futa". Watu wa aina yake hawasemi. Wanakuwekea kamba mkononi na kukusifu shingo.

Mama Povu akaenda kumbembeleza binti yake. Andika anachotaka, mwanangu. Pata cheti kwanza, ukweli utausema ukiwa na kazi. Binti akasema akiandika uongo sasa, baadaye atakuwa ameuzoea. Wakabishana, mama akalia, binti naye akalia, lakini karatasi haikubadilika. Ilipobaki siku moja, mama akaona njia imebaki moja tu. Ukuta usipokuwepo, alijiambia, mtoto atakosa cha kushikilia, ataandika tabianchi kama wenzake, na maisha yataendelea. Daftari alilisahau kabisa. Kwake yeye kitu cha kweli kilikuwa ule ukuta. Akachemsha maji, akatia magadi na sabuni ya unga, akachukua brashi ya sakafu, akasugua. Alisugua kama anavyosugua kola, kuanzia pembeni kwenda katikati. Miaka tisa ilitiririka hadi kwenye mtaro, nyeusi. Ukuta ukabaki mweupe kuliko siku ulipojengwa. Hakumwambia mtu.

Utetezi ulifanyika maktaba, saa nne asubuhi. Jopo lilikuwa la watu watatu. Walikuwepo mkuu wa chuo, ambaye alikuwa mchungaji mnene mwenye tabasamu la kudumu, na Mti-Mmoja. Wa tatu alikuwa mtahini wa nje, mwanamke mzee aliyetoka chuo kingine, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na malapa miguuni. Mama Povu alikuwa ameagizwa kuleta vitambaa vya meza. Alivitandika, kisha akasahau kutoka.

Binti akaeleza kazi yake bila kutetemeka. Alipofika kwenye beti, Mti-Mmoja akatabasamu kuelekea dirishani, na mkuu wa chuo akatabasamu kwa sababu mwenzake ametabasamu. Mtahini hakutabasamu.

"Hiyo mistari iko wapi?"

"Ukutani, chumba cha dobi."

"Twende."

"Mama mpendwa, kuna utelezi huko," mkuu wa chuo akasema, "na chai iko tayari."

"Chai haikimbii."

Wakashuka mteremko, mtahini mbele na malapa yake, Mti-Mmoja nyuma akiwa hana haraka hata kidogo. Mama Povu aliwafuata. Alitaka kumshika binti yake mkono, lakini mkono haukunyanyuka. Binti akafungua mlango, akauvuta, akaonyesha kwa kidole.

Ukuta mweupe. Harufu ya sabuni.

Binti alisimama na kidole chake vilevile.

"Labda ulikuwa ukuta wa imani," Mti-Mmoja akasema polepole. "Mambo yatarajiwayo, yasiyoonekana."

Mkuu wa chuo akacheka hi hi. Mtahini akaivua miwani, akaivaa tena. "Binti, nimekuwa kwenye kazi hii miaka thelathini. Mwanachuo anayetunga takwimu harudii mwaka. Anafukuzwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi niambie. Ilikuwepo au umeitunga?"

"Ilikuwepo. Juzi ilikuwepo." Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. Akageuka, akamtazama mama yake, akaziona zile kucha zenye weusi wa mkaa ambao magadi yenyewe yalishindwa kuutoa. Angeweza kumtaja, akakishusha kidole.

Hapo Mama Povu akasikia mdomo wake unaongea.

"Nimeifuta mimi. Jana. Kwa brashi ile pale."

"Wewe ni nani?" mtahini akauliza.

"Dobi. Mama yake."

"Na kwa nini mama afute kazi ya mwanawe?"

"Kwa sababu huyu," akamnyooshea Mti-Mmoja kidole, "alikuja hapa Jumanne iliyopita na joho lake, mara ya kwanza kwa miaka tisa. Akasema mtoto atarudia mwaka. Akasukuma mlango, akasema ukuta mchafu, na mimi ni mtu wa usafi. Alisimama hapo, ulipo wewe, anaogopa kulowa viatu."

"Sikusema afute!" Mti-Mmoja akaruka. "Mkuu, sikusema afute. Nilizungumzia usafi kwa ujumla."

"Kwa ujumla," mtahini akasema. "Miaka tisa huji, unakuja wiki moja kabla ya utetezi kuzungumzia usafi kwa ujumla, nyuma ya mlango huu mmoja."

Mti-Mmoja akatazama viatu vyake. Usemi wote ule wa mimbarini, na alikuwa anatafuta maneno kama mtu aliyeangusha sindano. Mama Povu alimtazama akashangaa jinsi alivyo mdogo. Kumbe huyu ndiye aliyemnyima usingizi.

"Tumalize kindugu," mkuu wa chuo akasema, akijifuta jasho. "Sisi ni familia moja ya imani. Mama huyu amechoka."

"Maneno ya mdomo yataishia hapahapa," mtahini akasema. "Mama, kama uliyosema ni kweli, yaandike na uyatie sahihi. Ulichora lini, kwa nini, nani alikuja, nini ulifuta. Nikipata karatasi hiyo, daftari la binti yako lina chanzo, na kazi yake ni nzuri, nitaipitisha. Nisipoipata, naandika kwamba takwimu hazina chanzo. Chagua."

Kila mtu alielewa upande wa pili wa karatasi hiyo. Dobi anayemwandika daktari hafui tena pale.

"Tuombe kwanza," mkuu wa chuo akasema, tayari amefumba macho. "Mama, tusiandike kwa hasira, tuinamishe vichwa."

"Omba wewe, Mchungaji," Mama Povu akasema. "Mimi naandika."

Akaomba kweli, kwa sauti, maombi marefu yenye neno "umoja" mara saba. Mama Povu akasogeza joho la Mti-Mmoja pembeni ya meza ya pasi, akaweka karatasi juu ya blanketi. Alikuwa hajaandika ukurasa mzima tangu darasa la nne. Herufi zilipanda na kushuka, kalamu ilitoboa karatasi mara mbili, na maombi yaliisha kabla hajafika katikati. Wakabaki wamesimama, watu watatu wenye shahada, wakimngoja. Hakuharakisha. Mti-Mmoja alikanyaga maji bila kujua.

Mchana huohuo matokeo yalibandikwa. Binti alikuwa amepita, wa pili katika darasa lake. Mti-Mmoja alipewa likizo ya kutafakari, na wote walijua atarudi nayo ikiwa imegeuka safari ya mafunzo. Mikaratusi haikuguswa, ina aya za Biblia, nani angethubutu? Mama Povu aliambiwa kwa heshima kubwa kwamba mwisho wa muhula chuo kitanunua mashine ya kufulia.

Wakati wa kwenda nyumbani binti alitembea hatua tatu mbele. Walipita geti, wakapita duka la vifaa vya shule. Kwenye kona binti akasimama.

"Ungeniambia, mama."

"Ungenizuia."

"Ndiyo, ningekuzuia! Unajua ningefukuzwa? Leo hii ningekuwa nafungasha."

"Najua sasa."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kumcheka yule mtu. Tangu niko mdogo. Soksi zake, magoti yake, chupa zake. Mimi nilikuwa nadhani nyumbani kwetu hakuna anayemwogopa."

Mama Povu aliliacha jibu la mkato, lile la kuwachekesha wapishi.

"Nilikuwa namwogopa kila siku," akasema. "Nikimcheka, ilikuwa inapungua kidogo."

Binti hakumkumbatia, na hakusema yameisha. Alichukua begi la mama yake, akalitundika begani pamoja na lake, wakaendelea kutembea, safari hii sambamba.